Watu wa Mto Sio: kurasa za Agosti

Jumamosi, 3 Agosti 2024. Busia

Shule zimefungwa jana nami nimerudi nyumbani na rundo la madaftari ya kidato cha tatu. Kila daftari lina jedwali lile lile la safu mbili: walioshirikiana na Waingereza, na waliowapinga. Wawanga na Wamaasai kushoto. Wanandi, Wabukusu na Wagiriama kulia. Wateso hawamo. Wasamia hawamo. Wakhayo, watu wa baba yangu, hawamo. Watoto wa Busia wanasoma historia ya mpaka unaopita nyuma ya nyumba zao bila kukutana na jina moja la mtu wa hapa, isipokuwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na huyo naye amepewa mistari mitatu na kuitwa msaliti.

Wengi wameandika pia kwamba mpaka huu ulichorwa Berlin. Likizo hii nataka niyapange maneno yangu vizuri, maana muhula wa tatu ni mfupi na darasani sipati nafasi ya kufikiri.

Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 haukuugusa Mto Sio. Mikataba ya 1886 na 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ilitenganisha kaskazini na kusini, yaani sisi na ile iliyokuja kuwa Tanganyika. Mstari wa hapa ulikuwa jambo la Waingereza wenyewe kwa wenyewe. Hadi Machi 1902, mahali ninapoketi kuandika palikuwa Uganda; Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienda hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 eneo lote lile likahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Sababu kubwa ilikuwa reli: Desemba 1901 ilikuwa imefika ziwani, pale Kisumu, na London ilitaka njia nzima iwe chini ya utawala mmoja. Mpaka wenyewe ulikuja kuandikwa kwa urefu katika amri ya 1926: upande Mto Sio kutoka ziwani, uache mto, upite kwenye vigingi na vijito, uupate Mto Malaba, ufuate Lwakhakha, upande Mlima Elgon.

Swali ambalo jedwali haliwezi kulijibu ni hili: kwa nini mstari ukatulia hapa? Uliondolewa Naivasha, ukairuka Nzoia, ukaja kusimama Sio na Malaba. Mimi naona jibu linapatikana kwa kutazama nani alikuwa tayari ametawala wapi. Upande huu kulikuwa na watu wa Mumia. Upande ule kulikuwa na Waganda wa jenerali Semei Kakungulu. Waingereza, wachache mno, walikuja wakakuta mikono hiyo miwili imenyooshwa, na mahali mikono ilipokaribia kukutana ndipo mpaka ulipokaa.

Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya Uganda, akitumia ramani hiyo hiyo ya kabla ya 1902. Baba alikuwa akitusimulia jinsi watu wa Matayos walivyosikiliza redio siku hizo. Hakuna aliyekuja kuwauliza wao walijiona wa wapi.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeshinda na Mumia. Mtu huyu anastahili kurasa nyingi, na nikimwandika vibaya kila kitu kingine kitaenda mrama.

Alirithi kiti cha Wanga mwanzoni mwa miaka ya 1880, baada ya Shiundu baba yake. Wanga wa wakati ule haikuwa dola kubwa inayochorwa vitabuni. Kusini ilikuwa inasukumwa na Wajaluo wa Ugenya, kaskazini na Wabukusu, magharibi na Wateso waliokuwa wakishuka kutoka Tororo kutafuta malisho na mashamba. Mumia alikuwa na mji mmoja wenye chakula kingi, na mji huo ulikaa mahali ambapo msafara kutoka pwani ungepumzika kabla ya kuuvuka Mto Sio kuingia Busoga. Huo ndio mtaji alioanza nao.

Waswahili walikuja kwake kabla ya Wazungu, wakitafuta pembe za ndovu. Aliwapokea, akajifunza lugha yao, na hatimaye akaingia dini yao. Hadi leo Mumias ni mji wa misikiti katikati ya nchi ya makanisa. Pia aliwapa makazi Wamaasai wa Uasin Gishu waliokuwa wameshindwa katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wakamlipa kwa kumpigania. Joseph Thomson alipita mwaka 1883. Oktoba 1885 alipita Askofu James Hannington, akaacha sehemu kubwa ya msafara wake mjini kwa Mumia chini ya William Jones, kasisi Mwafrika aliyekombolewa utumwani utotoni, naye akaendelea na watu wapatao hamsini. Akauawa Busoga mwisho wa mwezi ule. Ni Jones aliyengoja katika mji ule habari zikija kwa vipande vipande, na ni Jones aliyewarudisha wapagazi waliosalia hadi Rabai. Hannington ana sikukuu katika kalenda ya kanisa. Jones wanafunzi wangu hawajawahi kumsikia.

Kisha 1889 akaja Frederick Jackson wa kampuni ya Waingereza, akaandikiana mikataba, akaacha bendera. Alipokwenda kuwinda Elgon, mwanzoni mwa 1890 Mjerumani Carl Peters akatokea, akafungua barua zilizokuwa zimemjia Jackson kutoka Buganda, akasoma kwamba Kabaka Mwanga anaomba msaada, akakimbilia Mengo kwa Kabaka huyo kuwahi. Mambo haya yote yalipita katika ua wa Mumia. Aliwalisha wote wawili. Nikisoma haya simwoni mtu aliyedanganywa na wageni. Namwona mwenye nyumba anayepima kila mgeni ana bunduki ngapi na anaweza kuzielekeza wapi.

Alizielekeza. Mwaka 1895, baada ya Wabukusu kukiangamiza kikosi cha askari wa Kisudani kilichokwenda kuwadai bunduki, jeshi la adhabu lilitoka Mumias: Wasudani, Waganda, Wamaasai, na wapiganaji wa Wanga. Walipigana Lumboka, kisha Agosti mwaka ule Chetambe, karibu na Webuye ya leo. Handaki la Chetambe bado linaonekana. Nililitembelea na wanafunzi, na mmoja wao, Mbukusu, alikataa kushuka ndani. Sikumlazimisha. Baada ya Wabukusu, nguvu hizo hizo zikageuziwa Ugenya.

Hapa ndipo jedwali la safu mbili linapopasuka. Charles Hobley alifika Mumias 1895 kuwa mwakilishi wa serikali, na alihitaji watoza kodi, wakalimani, wasimamizi wa barabara. Mumia akampa ndugu zake. Murunga akawekwa juu ya Wabukusu, Mulama akapewa Marama, na wengine wakasambazwa hadi kwa Wakhayo na kwa Wateso ambao hawakuwa wamewahi kumlipa Mumia hata kuku mmoja. Mwaka 1909 Waingereza wakamtawaza chifu mkuu wa wilaya yote ya Kavirondo Kaskazini. Kwa maneno mengine, sisi Wakhayo na Wateso tulitawaliwa na Wawanga kwanza, na kupitia Wawanga tukatawaliwa na Waingereza. Mababu zetu walijua vizuri ni nani aliyekuja mlangoni kudai kodi ya kibanda. Hakuwa na nywele za singa.

Nayaandika haya bila chuki kwa Wawanga. Mumia aliiokoa nchi yake isimezwe. Kila chifu mwenye akili angefanya hivyo. Lakini gharama ililipwa na majirani, na hilo lazima lisemwe darasani kwa sauti ile ile tunayoitumia kusema Waingereza walituonea.

Jumatano, 7 Agosti

Nimekwenda mpakani kumtafutia mama viatu. Wahudumu wa afya wako macho siku hizi kwa sababu ya homa ya nyani. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa wiki iliyopita.

Nilisimama muda mrefu kuwatazama wenye baiskeli za magurudumu matatu. Nimewaona tangu utotoni, ila leo niliwatazama kwa makini. Chombo kimechomelewa hapa hapa mjini: kiti chini, mikono inazungusha pedali kifuani, na nyuma kuna kitanda cha chuma cha kubebea mizigo. Kijana asiyeweza kutembea anakaa mbele. Nyuma yake wanapangiwa makreti ya soda, mafuta ya kupikia, magunia, mpaka mzigo unampita kichwa. Wasukumaji wawili au watatu wanainama nyuma. Anayeendesha ndiye mwenye kazi. Wasukumaji ni vibarua wake, yeye ndiye anayewalipa na kuwafokea. Wameishi kwa biashara hii kwa miaka mingi kwa kuwa maofisa wa forodha wa pande zote mbili hawakuwakaba kama wengine, na wao wakaifanya huruma hiyo kuwa kazi yenye kanuni zake na chama chake.

Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa Februari 2018, Uhuru Kenyatta na Museveni wakiwapo. Msafiri anagongewa mihuri miwili ndani ya jengo moja. Kwa mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 kuna utaratibu mwepesi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, karatasi moja ya kuonyesha bidhaa zimetoka nchi mwanachama. Nilimuuliza mama mmoja anayeuza dagaa kama anaitumia karatasi hiyo. Akasema, "Mwalimu, mimi nimevuka hapa kabla ya karatasi." Akanielekeza kwa kidevu kwenye kichochoro kati ya maduka mawili. Upande mmoja wa kichochoro wanapokea shilingi ya Kenya, upande wa pili ya Uganda, na katikati wanapokea zote.

Mamlaka inapofika hapa inakuta watu wameshatengeneza namna yao ya kupita, na inabidi iipindishe sheria kidogo iwafuate. Ilikuwa hivyo kwa Hobley na ni hivyo kwa watu wa forodha.

Ijumaa, 9 Agosti. Malaba

Matatu ya asubuhi kutoka Busia, kupitia Alupe na Adungosi. Tangu baada ya Adungosi malori yamejipanga kando ya barabara, madereva wamefunga vyandarua chini ya matrela, wengine wanachemsha chai. Mji wa Malaba wote unaishi kwa foleni hiyo: wauza chapati, maajenti wa forodha, mafundi wa magurudumu, nyumba za kulala. Reli ya zamani inavuka mto pembeni ya daraja. Ililetwa huku katika miaka ya 1920 kuja kuchukua pamba ya Uganda, na mwaka 1931 ikafika Kampala.

Nimekuja kwa mjomba, ndugu ya mama, ambaye ameniandalia mzee wa kuzungumza naye upande wa Amukura. Tumemkuta chini ya mwembe na ajono, pombe ya kienyeji, tayari katika chungu, mirija imeelekezwa pande zote. Mjomba alimsalimu "Yoga," mzee akaitika, wakaulizana ng'ombe na watoto kabla ya mimi kupewa kiti.

Nilimuuliza juu ya Wawanga. Alicheka kwanza.

"Binti yangu, sisi tulitoka Karamoja tukitafuta nafasi. Hatukuwa na mfalme. Mtu mkubwa kwetu alikuwa mtu mwenye watu. Sasa analetwa mtu kutoka Mumias anakwambia yeye ni mkubwa wako, na wewe hujamwona hata katika mazishi."

"Na upande wa Tororo?"

"Kule waliletewa Waganda. Ndugu yangu wa kule akachapwa kwa Kiganda, mimi nikachapwa kwa Kiwanga."

Nilikuwa nimesoma jambo hilo kwa lugha ya wasomi. Mzee alilisema kwa pumzi moja. Semei Kakungulu alikuwa jenerali wa Buganda, mmoja wa walioshiriki kuwakamata Kabaka Mwanga na Mfalme Kabalega wa Bunyoro mwaka 1899. Baada ya hapo akaruhusiwa kwenda mashariki ya Mto Nile kuwaletea Waingereza nchi ya Bukedi. Alijenga ngome Budaka, akaweka wakuu wa Kiganda wenye bunduki katika kila kilima, akagawa nchi kwa mtindo wa Buganda, akawalazimisha watu kulima migomba na kukata barabara. Aliamini atafanywa mfalme wa Bukedi. Mwaka 1902 Waingereza wakamnyang'anya Budaka. Akahamia Mbale, akaujenga mji ule tangu msingi, baadaye akapelekwa kuongoza Busoga. Mwaka 1919 akaigeukia dini ya Kiyahudi, na wafuasi wa imani aliyoianzisha wangali karibu na Mbale. Alifariki mwaka 1928 akiwa na uchungu kwa watu aliowatumikia. Mwingereza alipata kutoka kwake sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda kwa gharama ndogo.

Kwa hiyo Wateso walitawaliwa na Waafrika wawili tofauti. Wa upande ule walizoea utawala wa Kiganda wa saza na gombolola na kuandika Kiganda. Wa huku waliingizwa katika Kavirondo Kaskazini, wakasomeshwa Kiswahili na Kiingereza na kuhesabiwa pamoja na Waluhya. Ivan Karp, Mmarekani aliyeishi na Wateso wa Kenya na kuandika juu yao miaka ya 1970, alieleza vizuri jinsi walivyoyabeba mabadiliko hayo bila kuacha koo zao. Mzee alikuwa na njia yake ya kuyathibitisha: alinitajia koo, moja baada ya nyingine, na kwa kila ukoo akataja nani yuko Tororo na nani yuko Chakol. Sikuona hata ukoo mmoja uliokomea mtoni.

Mawakala wa Wanga waliondoka hatimaye. Malalamiko ya Wabukusu, Wateso na wengine yalijaa ofisini kwa mkuu wa wilaya miaka ya 1920 na 1930, na Waingereza wakaona kwamba kumlinda mtu wa Mumia kunawagharimu zaidi ya kumwachia mwenyeji. Serikali ya kikoloni ilirekebishwa na watu waliokataa kwa mdomo, kwa barua, kwa kuhama usiku na ng'ombe kuvuka mto. Wakati ule kuvuka Malaba kulikuwa ndiyo kura. Chifu akizidi, watu wanahama, na chifu asiye na watu hana kodi ya kupeleka.

Mzee hakuishia hapo. "Tukatoka kwa Wanga tukaingia kwa Waluhya," alisema. "Wilaya yetu tumeipata 1995." Ni kweli, Wilaya ya Teso ilikatwa kutoka Busia mwaka huo, na baada ya katiba ya 2010 zote zikarudi kuwa kaunti moja. Mama yangu ni Mteso, baba yangu Mkhayo. Niliyasikia maneno hayo na pande zangu zote mbili.

Jumapili, 11 Agosti. Funyula

Kwa shangazi, nchi ya Wasamia. Ninaandika upesi kabla ya matatu ya jioni.

Shangazi ana jembe la zamani ambalo wajukuu wanalitumia kuzuia mlango. Bapa lina umbo la jani pana lenye ncha, na nyuma linachongoka kuwa mkia mwembamba wa kupenyeza katika mpini. Kingo zimelika. Nililiinua: zito kuliko jembe la dukani, na juu yake kuna alama za nyundo, mabonde madogo madogo ambayo kidole kinaweza kuyafuata moja baada ya jingine.

Vilima hivi vina mawe ya chuma. Wasamia waliyachimba, wakayachoma kwa makaa katika tanuri za udongo huku mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikipuliza hewa kupitia mirija, wakapata donge la chuma, wakalifua. Majembe yao yalivuka Sio kuingia Busoga, yakashuka kwa Wajaluo, yakapanda Wanga, yakalipa mahari. Naomba wanafunzi wangu walifikirie hili. Mpagazi wa pwani aliyefika kwa Mumia mwaka 1885 na njaa tumboni alikula wimbi na mtama. Ardhi iliyotoa chakula hicho ilipasuliwa kwa chuma cha Samia, na mara nyingi aliyelishika jembe alikuwa mwanamke. Misafara ya mamia ya watu haikubeba chakula cha miezi mitatu. Ilinunua njiani kwa shanga na nguo, na kama wanawake wa Kavirondo wasingekuwa na akiba ghalani, hakuna bendera ambayo ingefika Mengo kwa njia hii. Mikataba imehifadhiwa. Akiba ile haikuandikiwa mkataba.

Majembe ya viwandani yalikuja na reli yakaziua tanuri. Mpaka ukawakata Wasamia wenyewe: upande wa Uganda jimbo linaitwa Samia-Bugwe, na shangazi ana dada kule ambaye humwona zaidi kuliko anavyoniona mimi.

Jumatano, 14 Agosti. Busia

Nimekuwa nikisoma juu ya watu wa mbali ili nione kama sisi ni peke yetu. Kati ya Marekani na Kanada kuna Akwesasne, nchi ya Wamohawk, ambayo imekatwa na mpaka kama Wateso walivyokatwa. Sehemu yake iko New York, sehemu Ontario, sehemu Quebec. Wamohawk walikuwa katika muungano wa Iroquois, na kwa zaidi ya karne moja muungano ule uliwapima Waingereza na Wafaransa kama Mumia alivyowapima Jackson na Peters, kwa nguvu kubwa kuliko ya Mumia. Mkataba wa Jay wa 1794 ulitamka kwamba wenyeji wa asili wanaweza kuuvuka mpaka ule kwa uhuru. Wanaushikilia mkataba huo mpaka leo mahakamani.

Hapa hakuna karatasi kama hiyo. Amri ya 1926 ilihesabu vijito na vigingi. Haki ya Mteso kumzika shangazi yake ng'ambo haimo. Watu waliiweka wenyewe kwa vitendo, na kila serikali iliyojaribu kuiondoa imeshindwa. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukakazwa, na miaka hiyo hiyo kahawa ya Uganda ilikuwa ikimiminika kwa magendo hadi Chepkube, kule miguuni mwa Elgon, kwa kuwa baridi kali ilikuwa imeharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ikaruka. Wanajeshi wa Amin hawakuizuia. Waliokuwa wakijua njia ni wajukuu wa wale waliohama na ng'ombe.

Na kuna Emorimor, kiongozi wa kimila wa Wateso, anayetambuliwa pande zote mbili. Watu ambao hawakuwa na mfalme wamejitengenezea mkuu mmoja anayevuka mpaka, baada ya karne nzima ya kuwekewa wakuu na wengine.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimeandika somo. Nimeliondoa jedwali. Badala yake kila mwanafunzi ataulizia nyumbani: ukoo wenu uko pande ngapi za mpaka, nani alikuwa akitoza kodi kijijini kwenu kabla ya uhuru, na alitoka wapi, nani katika familia aliwahi kuhama kwa sababu ya chifu, jembe la nyumbani lilitoka wapi kabla ya duka kuwapo.

Swali la pili limenikosesha usingizi. Katika kidato cha tatu kuna kijana ambaye babu wa babu yake aliletwa na Wawanga kuwa mlango, mkuu wa kijiji, na familia yake bado inakaa katika shamba lililopatikana wakati ule. Majirani hawajasahau. Kuna pia msichana ambaye watu wake walifukuzwa katika shamba hilo. Wanakaa dawati moja na wanaazimana vitabu.

Mwalimu mwenzangu amenishauri niliruke swali hilo. Anasema tutaamsha kesi za ardhi. Nimemjibu kwamba kesi hizo ziko macho tangu 1909, na kinachokosekana ni mtu wa kuwaeleza watoto hawa jinsi zilivyoanza, bila kumfanya mmoja wao mkosaji. Babu huyo wa kale wa kijana hakutumwa na shetani. Alitumwa na Mumia, aliyekuwa akiogopa Ugenya, akitumiwa na Hobley, aliyekuwa hana askari wa kutosha. Wote walikuwa na sababu zao, na mwenye kulipa akawa babu wa msichana, ambaye naye hakukaa kulia tu: alivuka Malaba, akaanza upya, na mwanawe akarudi na kudai.

Nitazungumza na wazazi wa pande zote mbili kabla shule hazijafunguliwa. Kwa kijana nitaanza na bibi yake, maana ndiye anayezijua tarehe, na Jumanne nitampata sokoni Nambale.